Programu Iliyosingiziwa

Katika mji wa Yataity, nyumba isiyo na sindano haipo. Wanawake hudarizi barazani, wanaume hukata vitambaa, na hata asiyejua kushona hujua kuuza. Kitambaa chao huitwa ao po'i. Ni pamba nyeupe, nyepesi, na watu hutoka kila pembe ya Paraguay kuja kukinunua.

Zunilda Cáceres alizaliwa katika kazi hiyo na akaolewa ndani yake. Mama mkwe wake, Eulogia, alikuwa mdarizi wa kutajwa. Kila asubuhi wawili hao walikaa barazani na chombo cha tereré, kinywaji cha majani, katikati yao, wakipokezana bomba la kunyonyea, maji yakiwa baridi na mikono ikiwa kazini. Mume wa Zunilda, Wilfrido, alikuwa fundi wa pikipiki. Karakana yake ilikuwa uani, na kelele zake ziliwafikia barazani mchana kutwa.

Chumbani, karibu na dirisha, palikuwa na cherehani ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta. Blauzi za harusi na za sikukuu zilidariziwa kwa mkono, kwa sababu wateja wake walitaka mkono. Lakini nembo za shule na za timu za mpira zilikwenda kwenye cherehani. Eulogia hakuipenda sana mashine ile, ila hakuikataa. Alisema macho yake yameshona nembo za kutosha.

Cherehani hiyo haijui kuchora. Inahitaji programu ya kompyuta ya kugeuza mchoro uwe mishono: sindano ianzie hapa, igeuke pale, ibadilishe uzi, imalizie kule. Programu waliyokuwa nayo ilikuja na mashine. Kompyuta yao ya zamani ilipokufa, programu ikafa nayo. Wakanunua kompyuta nyingine, lakini programu ile ya zamani ikakataa kuingia.

Hilo liliwapata wakati mbaya. Shule ya ngoma ya mji wa jirani ilikuwa imeagiza blauzi za wasichana wake, kila moja na ua la pasheni kifuani, la rangi ya zambarau. Wasichana wangecheza wakiwa wamezivaa kwenye maonyesho ya mji. Zunilda alikwisha kuahidi. Na mdarizi wa Yataity akivunja ahadi mara moja, mteja huvuka tu barabara na kubisha mlango wa pili.

Wifi yake Nimia, binti wa Eulogia, alisikia habari hiyo. Nimia alikuwa mhazili katika chuo cha ufundi mjini Villarrica. Akamwambia Zunilda kwa simu kwamba walimu wa chuoni kwao hutumia programu iitwayo Aguja, jina ambalo kwa lugha yao ni sindano. Ni programu huria, akasema. Watu wanaojitolea ndio wanaoitengeneza. Maandishi yote yaliyoiunda yako wazi, na mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuitumia bure. Kisha akamtumia anwani ya tovuti yake.

Mawifi hao hawakuwa maadui. Lakini asali pia haikuwapo kati yao. Nimia alikuwa na mazoea ya kutoa ushauri kabla hajaombwa, na Zunilda alikuwa na mazoea ya kuuhesabu.

Hata hivyo, siku hiyo alifuata ushauri. Alifungua anwani ile na kupakua faili la kusakinisha programu. Faili lilifika. Kabla hajaligusa, kisanduku chekundu kilijitokeza katikati ya kioo. Kilitoka kwa kingavirusi, programu inayolinda kompyuta dhidi ya virusi. Kilikuwa kimeandikwa: "Tishio limezuiwa. Faili limewekwa karantini."

Zunilda alichomoa waya wa umeme ukutani. Michoro yake yote ilikuwa mle ndani, pamoja na ruwaza za Eulogia alizozipiga picha moja moja. Alitoka barazani, na maneno yakamtoka kabla ya kuyapima.

"Mama, binti yako ameniletea virusi ndani ya nyumba."

Eulogia hakuwa peke yake. Jirani yao Petrona alikuwa amekuja kuomba uzi mweupe, na Petrona hakuwa mtu wa kusikia jambo na kulilaza. Kabla ya chakula cha mchana habari ilikwisha kufika Villarrica, tena imenenepa njiani.

Nimia alipiga simu.

"Wifi, umeniita mharibifu mbele ya mama yangu na majirani?"

"Sijakuita chochote. Nimesema kilichoandikwa kwenye kompyuta."

"Kimeandikwa jina langu?"

Nimia akakata simu. Siku zilizofuata hakupiga tena, hata kumjulia hali mama yake, na Eulogia alishona kimya kimya, tereré ikienda na kurudi bila mazungumzo.

Wilfrido alibanwa katikati, huku mke, huku dada. Akaamua kulimaliza kiume. Rafiki yake mwenye duka la simu alimwambia kwamba kingavirusi hupigia kelele kila kitu cha bure. "Izime kwanza," alimwambia, "weka programu yako, kazi iendelee." Wilfrido akaona ni ushauri wa mtu mzima.

Alingoja Zunilda atoke kwenda kuchukua vitambaa. Akawasha kompyuta, akazima kingavirusi. Anwani aliyoitoa Nimia ilikuwa kwenye simu ya mkewe, na mkewe alikuwa ameondoka nayo. Kwa hiyo akaandika tu jina la programu kwenye mtandao na kubofya jibu la kwanza kabisa. Hakutazama kwamba juu yake limeandikwa "tangazo". Ukurasa ulifunguka, mzuri, wenye picha ya sindano na kitufe kikubwa cha kijani. Akakibofya. Faili likaja. Kisanduku chekundu hakikutokea, maana wa kukitoa alikuwa amezimwa. Programu ikaingia, ikafunguka, ikawa kama programu.

Zunilda aliporudi, Wilfrido alimkaribisha chumbani akiwa amefuta mikono mafuta. Alimwonyesha. Zunilda aliuliza virusi vimekwenda wapi. Mumewe akajibu kwamba havikuwapo, ilikuwa kelele tu.

Alitaka kuamini, akaamini. Alianza kulichora ua la pasheni, petali baada ya petali.

Siku ya pili kompyuta ilianza kufungua matangazo ambayo hakuna aliyeyaita. Ikawa nzito, ikiitika kwa kuchelewa. Kisha simu zikaanza. Mwalimu wa ngoma aliuliza kwa nini Zunilda anamtumia viungo vya ajabu na kumhimiza avibofye. Mteja wa Asunción aliuliza hilo hilo. Hata padri wa parokia alipata ujumbe wenye jina la Zunilda Cáceres, ukimwahidi zawadi.

Zunilda hakuwa ametuma hata mmoja. Aliketi kwenye kiti chake cha kazi na kuhisi aibu ikimpanda usoni. Jina lake, ambalo watu walilijua kwa kazi yake, sasa lilikuwa linabisha hodi kwa watu likiwa na uongo mkononi.

Akampigia Nimia.

"Sasa nilisema au sikusema? Hiyo programu yako imetuingilia. Inaandikia watu kwa jina langu."

Alitarajia ugomvi. Lakini sauti ya Nimia ilibadilika. Akauliza nani aliisakinisha, kutoka wapi, na kama kingavirusi ilikuwa imewashwa. Zunilda akamwita Wilfrido. Wilfrido akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopungua.

"Chomoeni mtandao," Nimia akasema. "Msiguse kitu kingine. Nakuja Jumamosi na mtu anayejua."

Mtu huyo aliitwa Mirna Ovelar, mwalimu wa kompyuta pale chuoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nywele za kijivu zilizokatwa, na alikuja na kompyuta yake ndogo ya mkononi. Eulogia aliwatolea chipa za moto, mikate midogo yenye jibini ndani. Nimia alichukua moja lakini hakuketi. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kutoa ushahidi. Zunilda naye alimtazama mgeni, si wifi yake.

Mirna alianza kwa kusema jambo ambalo hawakulitarajia. Alikuwa mmoja wa watu wanaoitengeneza Aguja.

"Basi vizuri," Zunilda akasema. "Wewe ndiye mwenyewe. Sema kama ni safi au si safi, tumalize."

"Hapana, dada. Neno langu halitoshi. Kompyuta yangu ingekuwa imeambukizwa bila mimi kujua, ningekuapia hivi hivi kwamba faili langu ni safi. Tulichunguze, na wewe uone."

Zunilda alisogeza kiti chake karibu. Alianza kumpenda kidogo mwanamke huyo.

Mirna alifungua kompyuta yake na kumwomba Zunilda asome anwani aliyoletewa na Nimia. Waliiandika herufi kwa herufi, bila kupitia utafutaji wala tangazo. Faili likaja. Kompyuta ya Mirna ilitumia mfumo mwingine, kwa hiyo faili lile halikuweza kujiendesha humo. Kisha akawaonyesha kitu kilichoandikwa kwenye ukurasa ule ule, chini ya kitufe cha kupakulia. Ilikuwa safu ndefu ya herufi na tarakimu zisizo na maana.

"Hii ni alama ya faili," akasema. "Kompyuta hulipiga faili zima hesabu, ikatoa alama hii. Ukibadilisha humo kitu kidogo tu, mfano wa kubadilisha mshono mmoja katika blauzi nzima, alama yote inakuwa nyingine. Sasa tulipige hesabu hili tulilolipakua, tuone linatoa nini."

Kompyuta ikatoa alama. Zunilda alisoma moja, Nimia akasoma nyingine kutoka mlangoni, akalazimika kusogea ili aone vizuri. Herufi zilifuatana bila kupishana mpaka mwisho.

"Na kama mwizi ametengeneza ukurasa wake wa uongo," Zunilda akauliza, "si ataandika humo alama ya faili lake mwenyewe, nazo zitalingana?"

Mirna aliinua uso akamtazama.

"Zitalingana. Swali hilo wanafunzi wangu huwa hawaliulizi. Ndiyo maana alama husomwa kwenye ukurasa wa kweli wa watengenezaji, si kwenye ukurasa wowote uliokupa faili. Anwani kwanza, alama baadaye."

Hatua iliyofuata ilikuwa kulipeleka faili kwenye tovuti moja inayokusanya kingavirusi nyingi pamoja. Unaweka faili, na kila moja inatoa hukumu yake. Majibu yalishuka kwenye kioo kama safu ya taa. Karibu zote zilikuwa za kijani. Chache tu, za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, zilikuwa nyekundu, na mojawapo ilikuwa ile ya Zunilda.

Mirna aliwaambia wasome maneno yaliyoandikwa kwenye zile nyekundu. Hakuna iliyotaja kirusi kwa jina. Zilisema tu "linashukiwa", "halijulikani", "linafanana na".

"Zinashuku," Mirna akasema. "Hazijamwona mwizi. Zikiwa chache hivi, na zenye maneno ya namna hii, mara nyingi ni kosa la kingavirusi. Sikusema kila mara. Ila mara nyingi."

Wilfrido, aliyesimama pembeni, aliuliza kwa nini kingavirusi ishuku kitu kisicho na kosa.

"Wewe una pikipiki," Mirna akamjibu. "Uliwahi kuingia benki ukiwa umevaa helmeti?"

Wilfrido akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alisema aliwahi, na mlinzi alimzuia mlangoni mkono ukiwa kwenye bunduki.

"Ulikwenda kuiba?"

"Nilikwenda kulipa umeme."

"Lakini waibao pia huvaa helmeti. Mlinzi hasomi moyo wako. Anatazama umbo. Sisi faili letu tunalifungasha kwa namna inayolifanya liwe dogo, na waandishi wa virusi hufungasha vivyo hivyo. Hiyo ndiyo helmeti yetu. Tena kila toleo jipya huwa geni. Watu wachache wamelipakua, kwa hiyo kingavirusi haijawahi kuliona. Kampuni kubwa hununua saini ya kidijitali ya kutambulisha mafaili yao. Saini hiyo hulipiwa kila mara, na sisi ni watu wa kujitolea."

Zunilda aliuliza kwa nini basi asizime tu kingavirusi, ikiwa inakosea hivyo. Mirna aligeukia kompyuta ya nyumba ile, ambayo bado ilikuwa haina mtandao, akalitafuta faili alilolipakua Wilfrido. Jina lake lilikuwa lile lile, picha yake ya sindano ile ile. Akalipiga hesabu, akaisoma alama yake kwa sauti.

Haikufanana hata kwa herufi ya kwanza.

Hakulichukua faili lenyewe. Aliiandika alama yake tu kwenye tovuti ile ya uchunguzi, na tovuti ikalitambua mara moja. Safari hii taa karibu zote zilikuwa nyekundu. Hakukuwa na "linashukiwa" wala "linafanana na". Kirusi kilitajwa kwa jina, na kazi yake ikaelezwa: kuiba akaunti za watu na kutuma ujumbe kwa majina yao.

Zunilda alitazama kompyuta moja, kisha nyingine. Taratibu jambo lote likamkalia sawa. Faili la Nimia ndilo lililokamatwa, nalo halikuwa na kosa. Faili lenye kosa liliingia nyumbani kwa sababu mlango uliachwa bila mlinzi.

"Wifi," akasema. Kisha akainuka, kwa sababu mahali hapo hapakutosha.

Alitoka barazani na kumwita Petrona ng'ambo ya uzio. Petrona alikuja upesi, akidhani kuna habari, na kweli ilikuwapo. Zunilda alisimama katikati ya baraza na kusema mbele yake, mbele ya mama mkwe wake na mbele ya mgeni, kwamba Nimia hakuleta virusi. Alileta kitu kizuri, na yeye Zunilda alimsingizia bila kuuliza.

"Nililisema mbele ya watu," akasema, "kwa hiyo nalifuta mbele ya watu. Nisamehe, wifi."

Nimia alitazama chipa iliyokuwa imepoa mkononi mwake.

"Ningekuwa mimi nimeona lile sanduku jekundu, ningekimbia mpaka kanisani," akasema. Kisha akaketi, karibu na mama yake.

Wilfrido alitaka kujitetea kidogo, akamtaja rafiki yake wa duka la simu. Eulogia alimkatiza.

"Mwanangu, mteja akikuletea pikipiki ambayo breki zake zinapiga kelele, unazing'oa?"

"Sizing'oi, mama."

"Unazitazama kwa nini zinapiga kelele."

"Nazitazama, mama."

Hapo ikaanza kazi ya kusafisha. Mirna alisema kompyuta iliyokwisha kuendesha programu ya mwizi haiaminiki kwa kufuta faili moja tu. Njia ya uhakika ni kuifuta yote na kuweka mfumo upya. Kwanza waliokoa michoro na picha za ruwaza, hizo tu, bila programu yoyote, na zikachunguzwa moja moja. Kisha Zunilda alibadilisha nenosiri la kila akaunti yake, kwa kutumia simu, si kompyuta ile. Aliziondoa kwenye akaunti zake simu na kompyuta zote asizozijua. Wilfrido mwenyewe alichukua jukumu la kuwapigia wateja, mmoja baada ya mwingine, kuwaomba wasibofye viungo vile. Kwa padri alikwenda kwa miguu.

Kompyuta ilipokuwa safi, kingavirusi ilikuwa ya kwanza kurudishwa. Ikawashwa, ikasasishwa. Faili la kweli lilipopakuliwa, kisanduku chekundu kikatokea tena, vile vile kama mara ya kwanza. Safari hii hakuna aliyechomoa waya.

Mirna alieleza kwamba zipo njia mbili. Kwa kuwa wamekwisha kuhakikisha anwani, alama na hukumu za wengine, Zunilda angeweza kuiambia kingavirusi iruhusu faili hilo moja tu, huku mengine yote yakiendelea kulindwa. Au angeweza kuwaandikia wenye kingavirusi walichunguze upya, na kungoja. Njia ya pili ni ya polepole, lakini ikifanikiwa inawaponya wote wenye kingavirusi hiyo, si mtu mmoja.

"Kazi ya kuwaandikia ni yetu sisi watengenezaji," akaongeza. "Toleo hili nilichelewa. Nilidhani mwenzangu amekwisha kuandika, naye akadhani ni mimi."

Zunilda alifikiri juu ya blauzi. Kisha akafikiri juu ya mdarizi mwingine, sehemu nyingine, anayekitazama kisanduku hicho hicho saa hiyo, labda akimshuku wifi yake.

"Tuwaandikie," akasema.

Nimia ndiye aliyeandika, maana kuandikia ofisi ilikuwa kazi yake. Zunilda alimwelekeza: jina la programu, toleo lake, anwani lilikopakuliwa, alama yake, na maneno yale yale yaliyokuwa kwenye kisanduku chekundu. Waliambatisha faili na kuomba lichunguzwe upya. Maelezo yalikuwa mafupi na ya heshima. Nimia aliyasoma kwa sauti kabla ya kuyatuma, na Zunilda akambadilishia neno moja.

Wakati wa kungoja, sindano hazikulala. Eulogia alikata shauri kwamba maua ya kwanza yashonwe kwa mkono. Nimia aliomba likizo fupi kazini, akaja kushika sindano ambayo hakuishika tangu aolewe. Mishono yake ilikuwa mikubwa, na mama yake aliifumua zaidi ya mara moja bila huruma. Zunilda alimfundisha upya namna ya kugeuza uzi kwenye ncha ya petali. Wakicheka, wakapeana habari ambazo hawakuwa wamepeana kwa muda mrefu.

Jibu lilifika kabla ya Jumamosi nyingine. Kampuni ya kingavirusi iliandika kwamba faili limechunguzwa upya, halina madhara, na kosa limerekebishwa. Iliwaomba wasasishe kingavirusi yao. Zunilda alisasisha, akapakua faili upya, akangoja akiwa ameshikilia ukingo wa meza. Kisanduku chekundu hakikuja. Alilinganisha alama hata hivyo, mpaka herufi ya mwisho. Kisha akasakinisha.

Ua la pasheni lilitoka vizuri. Alirekebisha kidogo mshono wa katikati, akaipa cherehani kazi, na chumba kikajaa mlio wake. Siku ya maonyesho wasichana walicheza na blauzi zao, wakizunguka na chupa kichwani kama ilivyo desturi ya ngoma za huko. Eulogia alikaa mstari wa mbele na kuwaonyesha majirani ni zipi zilizoshonwa kwa mkono. Petrona alisema haoni tofauti. Eulogia akamwambia hiyo ndiyo sababu yeye hana wateja.

Miezi ikapita. Aguja ikatoa toleo jipya, na safari hii kingavirusi nyingine, ya kampuni nyingine, ikalikamata. Watumiaji wa programu hiyo walikuwa na kikundi chao cha ujumbe, na Zunilda sasa alikuwa mmoja wao. Mwanamke mmoja wa mji wa Itauguá aliandika humo kwa hofu kwamba ameletewa virusi, na kwamba binamu yake amemshauri azime kingavirusi, aweke programu, kisha aiwashe.

Zunilda alimpigia simu moja kwa moja. Alimwambia asizime chochote. Akamwuliza amelipakua faili kutoka anwani gani, akamsomea ile ya kweli taratibu, akamwonyesha alama iko wapi na namna ya kuilinganisha. Alikaa naye kwenye simu mpaka mama yule akamaliza kusoma herufi zote. Kisha akamwambia asilisakinishe bado, atulie kidogo, maana taarifa imekwisha kwenda kwa wenye kingavirusi.

Ilikuwa imekwenda kweli. Jioni hiyo Mirna aliketi kuiandika, akakuta kwenye kikundi nakala ya taarifa: toleo hilo tayari limeripotiwa, kwa maelezo mafupi na ya heshima, na jina la aliyeripoti ni Zunilda Cáceres wa Yataity.

Yule mama wa Itauguá alimshukuru sana. Kabla ya kukata simu alimwuliza kama yeye ni mtaalamu wa kompyuta.

"Hapana," Zunilda akasema. "Mimi ni mdarizi. Ila siku hizi nachunguza kwanza, ndipo nimwite mtu mwizi."